Maji ya Bi Domitila

Mbwa walikuwa wakilamba tena tope chini ya mjakaranda. Bi Domitila aliwafukuza kwa mguu, akainamisha ndoo, akamwaga maji taratibu kuzunguka shina, kama mtu anayemnywesha mgonjwa.

"Mama, utavunjika mgongo!" Nelly Paucar, mwenyekiti wa wakazi, alipaza sauti kutoka kwenye benchi. "Si unitume mimi?"

"Acha, Nelly. Mzigo huu nimeuzoea."

Jiji la Lima halina mvua ya kutegemea. Mti usiomwagiliwa hufa. Kila nyumba iliyoizunguka bustani ile ilileta maji yake, ya kuoshea mboga au ya kusuuzia nguo, na kila mtu alikuwa na kona yake. Mjakaranda wa katikati ulikuwa wa Bi Domitila. Aliuomba mwenyewe. Aliishi mbali kuliko wote, juu kilimani, na bado hakukosa siku.

Mti huo ndio uliokuwa ukiiokoa bustani. Kampuni moja ilitaka kuchimba maegesho ya magari chini ya ardhi. Wakazi walikwenda mahakamani wakashinda kwa jambo moja tu: mjakaranda ulilindwa na sheria. Ukiwa hai, hakuna ruhusa ya kupiga hata sururu karibu nao. Ukifa, mashine zinaingia.

Nao ulikuwa unakufa.

Majani yalianza kuungua pembeni, kisha tawi moja baada ya jingine likakauka. Mtaalamu wa miti aliyeitwa na wakazi alikwaruza gome, akatikisa kichwa.

"Moshi wa mabasi," alisema. "Au uzee."

"Uzee gani?" alisema Bi Domitila. "Uliletwa mkubwa tayari, juu ya lori, wiki ile kambi ya jeshi ya hapa ilipofungwa. Askari waliupanda asubuhi moja, harakaharaka, wakaondoka."

"Kumbe ulikuwepo?"

"Nilikuwa langoni na sahani yangu ya chakula."

Nelly alicheka. "Basi askari hao walifaidi, mama, kabla hujaanza mapishi yako ya siku hizi! Supu ya juzi ilikuwa kama ya wodini."

"Chumvi iliniishia," alisema Bi Domitila, akaokota ndoo yake.

Habari ya moshi Nelly hakuikubali. "Ni watu wa kampuni," aliwaambia wenzake. "Wanakuja usiku kuutilia sumu. Wanadhani huku tunalala fofofo." Zamu zikapangwa. Wanaume walikesha kwenye mabenchi wamejifunika mablanketi, wakicheza karata na kugombana kuhusu mpira. Bi Domitila aliwapelekea kahawa kwenye chupa. Mchana hakuna aliyelinda, maana mchana alikuwepo yeye.

Msimu wa maua ukapita bila ua hata moja la zambarau. Akaja afisa, akaugongagonga mti kwa nyundo ndogo, akauchora msalaba mwekundu.

Nelly alilia mbele ya watu bila kujificha. Alimkumbatia Bi Domitila, akahisi mifupa ya mabega yake chini ya sweta.

"Pole, mama. Umeulea kama mtoto wako. Aliyetutenda hivi, Mungu anamwona."

"Anamwona," alisema Bi Domitila.

Asubuhi mashine zilipoingia, wakazi walisimama nje ya uzio wakigonga sufuria kwa vijiko na kuwatukania wafanyakazi mama zao. Nelly alimtafuta Bi Domitila katikati yao, asimwone. Alikuwa amepitia upande wa pili, penye pengo la uzio, mkononi ana sahani iliyofunikwa kitambaa. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye mashine kubwa iliyokuwa imekwisha kuung'oa mti. Dereva, mtu mzima mwenye mvi, alizima injini.

"Mama, hapa ni hatari. Na wewe umekuja kunitukana?"

"Nimekuletea chakula. Wali na kuku. Kula kwanza."

Dereva aliangalia uzio, akaangalia sahani, akashuka. Alikula amesimama, kwa aibu, bila kuinua macho. Bi Domitila alimngoja mpaka akamaliza, akaipokea sahani, akaifuta kwa kitambaa. Kisha akaketi ukingoni mwa shimo.

"Sasa chimba polepole, baba. Miaka yote hii nimebeba maji ya chumvi ili ufike hapa. Mwanangu yumo humo chini; ana jino moja la fedha, la mbele, upande wa kushoto."