Darubini ya Mzee Khalfan

“Na hiyo nayo tazama wewe, unambie,” alisema Mzee Khalfan.

Ilikuwa darubini ya sita asubuhi hiyo. Wesley alivua vifuniko vya lenzi, akasimama mlangoni mwa duka la vifaa vya uwindaji pale Al Sadd, Doha, akaielekeza mwisho wa barabara. Miguu ilimwaka moto. Miaka mitatu ya kusimama, na Alhamisi mkataba ulikuwa unakwisha. Meneja alishamwambia: uza ile darubini kubwa inayokuza mara kumi na tano nikuongezee mwaka, la sivyo jiandae kurudi Kenya.

“Naona fundi juu ya ghorofa, mzee. Kofia ya njano. Anakunywa maji.”

Mzee alicheka kwa raha. Dereva wake alikuwa amemshika mkono hadi kitini, na tangu hapo hakuinuka wala kuvua miwani yake myeusi. Wazee wenye pesa, Wesley alijisemea, hata kutazama wanatuma watu.

Mzee alikulia Unguja, akazeekea Doha. Mwezi wa kumi alitaka kwenda Marekani kuwinda pronghorn, swala wa nyika tupu anayemwona mtu akiwa bado mbali sana. Wenzake wa kuwinda walishakufa wote.

“Na ile kubwa?”

Wesley aliitazama. Angeweza kudanganya, nani angejua? Lakini alikuwa amechoka, na uongo nao ni kazi.

“Usinunue hiyo, mzee. Mimi nimechunga mbuzi Baringo, najua uwanda. Jua likipanda, ardhi inachezacheza kwa joto, na hiyo inakuza mpaka huo mchezo. Chukua hii ndogo ya mara kumi. Humo swala utamwona ametulia.”

Kwenye kaunta, meneja alikohoa. Basi, imekwisha. Machozi yalimlengalenga Wesley. Alitoa ndogo mpya kwenye boksi, akamwekea mzee mkononi.

Mzee alivua miwani, akaipachika darubini machoni, akaielekeza barabarani kwa muda mrefu.

“Nzuri hii. Naichukua. Na pasipoti yako, mwanangu, ina muda bado?”

“Ya nini, mzee?”

“Huko nyikani tutakaa mwezi mzima.”

Hapo ndipo Wesley alipoona. Vifuniko vya lenzi, vyote vinne, vilikuwa bado vimeifunika darubini.