Sababu ya Kutofika

"Mama, usinifokee. Shauri limefutwa kwa sababu wewe mdai hukufika," alisema karani wa mahakama.

"Nilikuwa msibani!"

"Msiba wenyewe ni wa mama yake mdaiwa. Na mdaiwa mwenyewe, Bwana Makame, alifika saa tatu kamili."

Jana saa hiyo Bi Salha alikuwa nyuma ya pazia, akimwosha marehemu. Ugomvi wa kiwanja ni jambo moja, kumwosha jirani ni jambo jingine. Hakuwaza kwamba mtoto angeiacha maiti ya mama yake ndani, akaenda mahakamani kumpora yeye kiwanja.

"Omba lirejeshwe," karani alisema. "Ila sababu utaiapia, na yeye atapewa nakala. Andika uliumwa tu, usimwaibishe mfiwa."

"Niape uongo ili nimsitiri yeye? Lete kalamu."

Akaandika: *Nilikuwa namwosha mama yake mdaiwa.* Akaapa, karatasi zikagongwa muhuri.

"Nakala yake tarishi atampelekea wiki ijayo."

"Simsubiri tarishi."

Akaichukua, akaenda nayo moja kwa moja matangani. Makame aliinuka kwenye jamvi, akamnyooshea mikono miwili, akidhani amekuja kumpa pole.