Kondoo wa Kufungua Kiapo

Kajuju aliisikia siri yake ikisomwa kwa kipaza sauti, watu wakiwa bado wanatafuna maandazi.

"Mimi ni mwanamke wa kanisa," Mwalimu Ciakuthii alisoma kutoka kwenye simu ya kituo. "Nimechumbiwa kwa siri na mwanamume wa ukoo tulio nao gichiaro. Anasema nisimwambie mtu hadi wazee wachinje kondoo wa kufungua kiapo. Neno likitoka kabla, ndoa imekufa. Mwaka wa tatu huu. Je, Mungu naye anamngoja kondoo?"

Ukumbi ukacheka. Na kwa nini usicheke? Kituo cha Dini na Maisha ya Jamii, pale chuo kikuu nje kidogo ya mji wa Meru, huwaalika watu kila mwisho wa mwezi: wachungaji, wazee wa mila, wakulima, walimu. Mwenye swali hulituma kwa simu, na haitajwi ni la nani. Siku hiyo mjadala ulikuwa gichiaro, ule undugu wa kiapo baina ya koo mbili. Ndugu wa gichiaro hanyimwi anachoomba, hadanganywi, na kuoana naye ni mwiko. Je, Mkristo wa leo aushike undugu huo au auache?

Kajuju hakucheka. Maneno yale aliambiwa yeye, na aliyemwambia alikuwa ameketi meza kuu na koti lake la kijivu: Kiunga, msimamizi wa mijadala. Kwa ajili yake Kajuju alimkataa Ndwiga, mwalimu wa Embu aliyekuja kwao mchana kweupe na wazee wake, mama yake Kajuju akalia hadi macho yakavimba.

Mzee Rwamba wa safu ya mbele hakungoja kipaza sauti. Aliuliza ni kondoo gani huyo, maana yeye amezeeka na kiapo hicho na hajawahi kusikia kikifunguliwa. Watu wakacheka tena. Kajuju hata hakumsikia vizuri, kwa sababu kichwani mwake lilikuwa limejaa jina moja tu.

Nkirote, binti wa baba yake mkubwa. Walilelewa boma moja huko Muthara, na ndiye peke yake aliyeambiwa. Juma lililopita, wakichambua maharagwe, furaha ilimshinda Kajuju, akamwaga yote isipokuwa jina la mwanamume. Alipofika kwenye kondoo, Nkirote alimmalizia: "Mweupe, asiye na doa." Kisha akauliza jina. Kajuju akakataa, na Nkirote hakusema tena lolote hadi maharagwe yakaisha. Kajuju alidhani ni uchovu. Kumbe! Kikulacho ki nguoni mwako. Na hata miaka alikuwa ameizidisha. Uchumba wenyewe haukuwa umemaliza mwaka mmoja na nusu, lakini mchongezi hakosi kutia chumvi.

Kiunga alishika kipaza sauti, akakohoa. Alisema dada aliyeuliza asichekwe. Avumilie tu, maana mila haikimbizwi. Alisema kwa upole hasa, na Kajuju akampenda upya. Hata mbele ya umati ule, mtu wake alikuwa anamlinda.

Wakati wa chai alimfuata kwenye birika. Kiunga hakumtazama. Alijimiminia chai na kusema kwa sauti ya chini:

"Nilikuonya neno lisitoke. Sasa limetoka. Usinipigie simu tena."

Akachukua kikombe chake, akaenda kuwasalimu wachungaji.

Jamani! Mambo yote yale ya kujificha, ya kufuta jumbe, ya kumdanganya mama kila Jumapili, yakafa kikombe kikijazwa chai. Ila Kajuju hakumlaumu Kiunga hata chembe. Si alimwonya? Wa kulaumiwa alikuwa jikoni na kina mama wa kanisa, akiosha vyombo.

Alimkuta nyuma ya jiko, peke yake, ameketi kwenye kreti ya soda, uso umelowa machozi. Kajuju akajua dhamiri imeanza kumsuta. Machozi hayo hayakumpa huruma, yalimchochea.

"Nilimwambia mtu mmoja tu," alisema. "Mmoja, Nkirote. Wewe."

Nkirote alifungua mdomo, lakini hakupewa nafasi. Kajuju alimwambia asimwite dada tena. Alimwambia asikanyage kwake, si kwa heri wala kwa shari, na kwamba hata akifa asije kumzika. Alimwambia mchawi ni afadhali, maana mchawi hajifanyi kukuombea. Kina mama waliokuwa wakipita na sinia waligeuza njia. Maneno yalimtoka bila kipimo, na alipoona bado hayajamtosha, akatafuta lile litakaloumiza kuliko yote.

"Hukupata wa kukuoa," alisema, "ukaona afadhali tukose wote."

Hilo lilimwingia. Nkirote alijifuta uso kwa pindo la leso, akainuka taratibu. Kutoka ukumbini ilisikika sauti ya Kiunga, changamfu kabisa, ikiwakaribisha watu warudi vitini.

"Sikuandika habari yako, Kajuju," akasema. "Niliandika yangu."