Alichosema Tausi Mlangoni

Mji ule kila mtu alivaa kinong'onezi sikioni, na kabla hujamsalimu mtu, kilikwambia maelezo yake. Ya Tausi, msichana wa miaka tisa mwenye usonji, aliyachagua mama yake, Saumu. Hospitali ilitaka aitwe mgonjwa. Saumu akakataa, akaomba maneno ya upole ili mwanawe asikaripiwe: "Hurudiarudia maneno yasiyo na maana. Mchekee tu."

Watu wakamchekea.

Siku ya tatu ya matanga ya bibi yake Tausi, jirani yao Bi Kidawa alimvuta Saumu jikoni.

"Mwanangu, nisamehe. Siku ile mama yako alipoanguka bafuni, nawe uko kazini, Tausi alikuja mlangoni kwangu. Nilikuwa napika vitumbua. Akanishika kanga, akasema, 'Bibi chini, Bibi chini.'"

"Ukamjibuje?"

"Nilimchekea, nikampa kitumbua. Akakitupa, akasema tena. Nami nikamtania, 'Leo bibi harusi kachangamka!'" Bi Kidawa akaanza kulia. "Nilimsikia vizuri, Saumu. Kila neno."

Saumu hakuweza kumlaumu. Alitoka kwenda uani, akamkuta Tausi amekaa peke yake kwenye kizingiti cha bafu. Akavua kinong'onezi, akakitia mfukoni, akaketi chini kando yake.

"Sema, mama. Nakusikiliza."

Alisubiri mpaka wageni wakaanza kuaga. Tausi alitazama sakafu. Tangu siku ile hakuwa amesema neno lolote kwa mtu yeyote.