Kifungo cha Shingoni

Kifungo cha nyuma ya shingo hakifikiwi na mwenye vazi. Ndiyo maana watu wa anga hutoka nje wawili wawili, huyu akimfunga yule. Kikikaa sawasawa hutoa mlio mdogo unaousikia mpaka kwenye meno.

Nahodha alimfunga Fundi, akampiga begani kwa nguvu. "Tayari, shemeji. Dada yako angekuona leo, angetamba."

Dada, mke wa Nahodha, alifia kwenye kituo cha anga kilicholipuliwa. Chombo kizima kiliamini ni waasi waliokilipua kile kituo, na Nahodha alivishwa nishani kwa kulipiza kisasi. Lakini asubuhi hii, akifufua redio ya zamani, Fundi alikutana na rekodi ya sauti iliyotoa amri ya kulipua. Ilikuwa sauti hii hii inayomwita shemeji.

"Umeshinda na ile redio," Nahodha alisema, akimgeuzia mgongo. "Umepata chochote?"

"Makelele tu, shemeji."

Unywele mmoja wa mvi ulikuwa umenasa kwenye kifungo chake. Fundi aliutoa taratibu asimuumize. Kisha akakilaza kifungo bila kukikandamiza, akampiga begani kwa kishindo, ili asigundue kwamba hakuna kilicholia.

"Tayari."

Nahodha alibonyeza kitufe cha mlango wa nje. Taa iligeuka nyekundu, hewa ikaanza kunyonywa chumbani, na hapo ndipo Fundi alipojiuliza kwa nini na yeye alipigwa begani kwa nguvu vile.