Mistari ya Bi Zulekha

Bi Zulekha alikaa saluni akisukwa na dada wawili, Robi kulia, Bhoke kushoto. Kesho yake angemwoza binti yake. Dada hao walikuwa wakisemezana kwa lugha ya kwao, mara wakacheka.

"Mnanisengenya?"

"Hapana, mama," alisema Robi. "Tunahesabu vifundo, kila mtu na upande wake, ili mistari ilingane. Bhoke kanipita, ndiyo tumecheka. Mama yetu alitufundisha hivyo."

"Basi hesabuni Kiswahili, na mie nisikie."

Wakatii. Walihesabu taratibu, kwa adabu, bila kicheko. Walipompa kioo, mistari ya mwanzo ilikuwa imenyooka sawasawa. Ile ya Kiswahili ilipinda huku na huku, kila mmoja na safari yake.

Bi Zulekha alijitazama weee, mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Fumueni! Na mhesabu kikwenu, jamani, nisije nikaaibika mbele ya wakwe."

Wakaanza upya. Walipofika mstari wa saba, Bhoke alimpita tena dada yake, sauti zao zikapishana, na wa kwanza kucheka alikuwa Bi Zulekha.