Uwanja Uliofagiliwa

Mbwilo, mpima ardhi, aliuzunguka uwanja wa Bi Mashavu mara mbili akiwa ameinama, kisha akaikunja ramani yake.

"Nilitaka hapa pabaki njia ya wanyama kati ya misitu hii miwili, bibi, pasijengwe. Lakini sioni hata unyayo mmoja. Hawapiti."

"Nani kakwambia hawapiti?" Bi Mashavu aliegemea ufagio. "Pongo hupita kila usiku, na nungunungu, na fisi mmoja ana adabu zake. Mimi naamka alfajiri, nafagia. Ungekuta uwanja mchafu, mwanangu, ungenionaje?"

Mbwilo alicheka mpaka akakalia kinu. Akaikunjua tena ramani.

"Basi kesho usifagie."

Asubuhi iliyofuata Bi Mashavu aliketi barazani akimsubiri, mikono ikimwasha, ufagio kauficha nyuma ya mlango ili yeye mwenyewe asiuone. Uwanjani, kati ya majani makavu, nyayo zilitoka msitu huu zikaelekea ule.

Jirani aliyekuja kuomba kaa la moto alisimama ghafla, akayakodolea macho majani uwanjani.

"Bi Mashavu! Unaumwa?"

"Mzima kabisa. Pita kule pembeni, usije ukawafutia njia."